Chakula cha Jioni kwa Mtu Anayepunguza Uzito

Somo letu la leo ni chakula cha jioni. Wanaolihitaji zaidi ni wale walioambiwa na daktari au mwuguzi, "Punguza uzito." Mmoja ameambiwa hivyo kwa sababu ya kisukari, mwingine kwa sababu ya presha, mwingine kwa sababu ya magoti yanayouma kila akiinuka. Aliitikia "ndiyo", akarudi nyumbani kwake Sakala, au Ololosokwan, au Digodigo. Jioni ikafika, akakaa mbele ya sahani ile ile ya siku zote, wala hajui aanzie wapi. Hatumlaumu. Kuambiwa "punguza" ni jambo moja, na kuonyeshwa jinsi ya kupika ni jambo jingine.

Mwalimu, tafadhali andika neno moja ubaoni. Neno lenyewe ni KALORI. KA-LO-RI. Lina silabi tatu. Wanafunzi, lisomeni kwa sauti mara mbili.

Basi, kalori ni kipimo. Sukari tunaipima kwa kilo, mafuta ya taa kwa lita, mahindi kwa debe. Nguvu iliyomo ndani ya chakula haionekani kwa macho, lakini nayo ina kipimo chake, na kipimo hicho ndicho kalori. Mtu akilima, akichota maji, akitembea, hata akilala usingizi, mwili wake unatumia kalori. Mwanamke mzima asiyefanya kazi nzito hutumia kama kalori 2,000 kwa siku, na mwanamume kama 2,500. Mchungaji anayefuata ng'ombe kutwa nzima hutumia zaidi ya hapo.

Ukila sawa na unavyotumia, uzito wako haubadiliki. Ukila zaidi, kinachobaki hakitupwi. Mtazame kondoo wetu wa Kimasai. Majani yakiwa mengi, mkia wake hunenepa. Kiangazi kikija, mkia hupungua, kwa sababu kondoo anakula akiba yake. Sisi watu hatuna mkia, kwa hiyo akiba yetu tunaiweka tumboni na mapajani. Tofauti ni hii: kondoo hupata kiangazi chake kila mwaka, lakini mtu mwenye duka pale Wasso, anayekaa kitini tangu asubuhi mpaka taa zinawashwa, kiangazi chake hakifiki kamwe. Mkia unazidi kunenepa tu.

Najua kwamba hapa kwetu neno "kukonda" si neno zuri. Tumeona njaa kwa macho. Ukame wa mwaka 2009 uliua mifugo mingi katika wilaya hii ya Ngorongoro, na watoto waliozaliwa wakati ule leo ni vijana. Mke akipungua mwili, majirani wanasema mumewe hamlishi. Mzee akipungua, wanasema ana ugonjwa wa siri. Kwa hiyo mtu mnene anayetaka kupunguza uzito anapigana na tumbo lake na pia na maneno ya watu. Maneno ya watu siwezi kukusaidia. La tumbo tutalizungumza.

Kwanza nitaje wale ambao somo hili haliwahusu. Mtoto asipunguziwe chakula. Mama mjamzito asipunguze bila kuzungumza na mkunga, wala mama anayenyonyesha. Mgonjwa wa kifua kikuu anatakiwa ale, aongeze mwili. Kama huna hakika kama u mnene au la, chukua kamba, izungushe kiunoni usawa wa kitovu, kisha uipime kwa rula ya darasani. Mwanamke akipita sentimita 80, au mwanamume akipita 94, inafaa aende zahanati akapimwe sukari na presha. Msicheke. Fanyeni leo leo.

Pengine mzee mmoja atasema, "Mbona sisi tulikunywa maziwa na kula nyama ya mafuta, na hatukuugua magonjwa haya?" Ni swali zuri, na limewahi kuulizwa na wataalamu. Mwaka 1964 daktari mmoja wa Marekani, jina lake George Mann, alichapisha habari za uchunguzi wake kwa wanaume wa Kimasai 400 wa Tanganyika, pamoja na wanawake na watoto. Walikuwa watu wa maziwa na nyama, lakini hakuona dalili za ugonjwa wa moyo, au aliziona kidogo sana. Mwaka 1972 akachapisha tena. Safari hii alikuwa amechunguza mioyo ya wanaume waliokwisha kufa. Ndani ya mishipa yao aliyakuta mafuta, lakini mishipa yenyewe ilikuwa mipana, na damu ilipita. Yeye alidhani ni kwa sababu ya kutembea sana.

Basi mzee hakukosea. Lakini na afikirie maisha ya wakati ule. Walitembea kutwa. Duka la sukari lilikuwa mbali. Unga wa mahindi haukuwa chakula cha kila usiku. Leo katika boma nyingi maziwa ni machache, unga na chai ya sukari ndivyo chakula, na bodaboda inatupeleka mahali ambapo baba zetu walikwenda kwa miguu bila hata kulifikiria jambo hilo. Mwili ni ule ule, lakini sahani na njia vimebadilika.

Tena kuna jambo ambalo kila mtu hapa analijua. Mwaka 2011 watu kwa maelfu walikuja kijijini Samunge kwa mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila, yaani Babu wa Loliondo. Walikuja kunywa kikombe cha dawa ya mti wa mugariga, kwa shilingi 500. Magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi. Wengi wa wagonjwa wale walikuwa na kisukari na presha, na wapo walioacha dawa za hospitali baada ya kunywa. Babu alifariki mwaka 2021, Mungu amlaze mahali pema. Nia yangu si kubishana na imani ya mtu. Lakini haukupatikana ushahidi wa kidaktari kwamba kikombe kile kiliponya kisukari. Foleni ile ilituonyesha jinsi watu wanavyoumia, na jinsi wanavyotamani jambo la siku moja. Kisukari hakiendi kwa siku moja. Kinashughulikiwa kila siku, kwa dawa, kwa miguu, na kwa sahani. Ndiyo maana tunaingia jikoni sasa.

Kalori nyingi za jioni zinaingia kwa milango mitatu: chai, mafuta na ugali.

Tuanze na chai. Hapa kwetu kuna baridi, na jioni mtu anataka kikombe cha moto mkononi. Haya, anywe. Lakini hebu tuhesabu sukari. Kijiko kimoja cha chai, kilichosawazishwa, kina gramu 4 za sukari, nazo ni kalori 16. Kijiko cha kulundika kina zaidi. Mtu akitia vijiko vinne katika kikombe, akanywa vikombe vitatu, amekula vijiko 12. Zidisha 12 kwa 16. Nani amepata jibu? Ni 192. Karibu kalori 200, na bado hajagusa chakula! Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa isizidi sehemu moja ya kumi ya kalori zote za siku. Likasema pia kwamba nusu ya hiyo ni bora zaidi, yaani kama vijiko sita kwa siku nzima.

Usiache yote kwa usiku mmoja. Utaichukia chai, na baada ya siku tatu utarudi kwenye vinne. Wiki ya kwanza tia vitatu, wiki ya pili viwili, na kadhalika. Ulimi hujifunza. Tia tangawizi, au iliki kama ipo. Asali je? Ndugu zetu Wasonjo wana asali nzuri sana, na wengine hudhani asali haina neno. Sivyo. Kwa mtu wa kisukari asali ni sukari, ingawa imetengenezwa na nyuki.

Mlango wa pili ni mafuta ya kupikia, na hapa akina mama nisikilizeni vizuri, kwa sababu mlango huu hauonekani. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta kina kalori 120. Alizeti, mawese, samli, yote ni karibu sawa. Sasa mama anapika mboga ya watu wanne. Anainamisha kidumu, anamimina mpaka moyo wake unaridhika. Mara nyingi hiyo ni kama upawa mmoja. Upawa mdogo unachukua vijiko vikubwa vinne, yaani kalori 480. Mchicha wenyewe hauna hata kalori 100! Tumeogelesha mboga ndani ya kitu chenye nguvu mara tano kuliko mboga. Kwa hiyo usimimine kwa kidumu. Mimina katika kijiko kwanza, halafu katika sufuria. Kijiko kimoja kinatosha mboga ya watu wanne. Kaanga kitunguu polepole, tia nyanya, funika, acha nyanya zitoe maji yake, kisha tia mboga. Vitunguu vya Mang'ola ni vitamu, vinaipa mboga ladha bila msaada mwingi.

Mlango wa tatu ni ugali. Sitaki mtu aseme, "Redio imetukataza ugali." Tunazungumza juu ya ukubwa wake. Gramu 100 za unga wa mahindi zina kama kalori 360. Mtu mzima mwenye njaa anaweza kula ugali wa gramu 200 za unga bila shida, na huo ni kalori 720. Kunja ngumi yako, uitazame. Ugali wa mtu anayepunguza uzito uwe na ukubwa wa ngumi hiyo, usizidi. Hapo ni kama kalori 300. Ni kweli, sahani itaonekana tupu. Lakini tutaijaza.

Tutaijaza kwa nini? Kwanza kwa mikunde. Karatu ni jirani zetu, na Karatu inalima mbaazi na maharage. Mwaka 2017, India ilipoweka kikomo cha mbaazi inazonunua nje, bei ilianguka nchini kote na wakulima wakabaki na magunia yao. Ilikuwa hasara kubwa. Mimi husema kwamba chakula kilichokosa mnunuzi India kingeweza kupata heshima zaidi katika sufuria zetu. Loweka mbaazi usiku, mwaga maji yale, chemsha mpaka ziive, unga kwa kitunguu na nyanya. Kikombe kimoja cha mbaazi zilizoiva kina kama kalori 200, na kinashibisha sana, kwa sababu zina protini, na nyuzinyuzi ambazo tumbo halimalizi upesi. Weka ugali wa ngumi moja, kikombe cha mbaazi, na nusu ya sahani iwe mnafu, mchicha au majani ya maboga. Jumla ni kama kalori 560. Ile sahani ya zamani, pamoja na chai yake, ilipita 1,000. Na mtu huyu hajalala na njaa.

Chakula cha pili ni loshoro. Wengi mnakijua, wala hamkujua kwamba ni chakula cha mtu anayepunguza uzito. Chemsha mahindi yaliyokobolewa mpaka yalainike. Yaache yapoe. Chukua maziwa mgando, toa siagi iliyo juu uwape watoto wanaokua, kisha changanya. Kikombe kimoja cha mahindi yaliyoiva na kikombe kimoja cha mgando huo havifiki kalori 400. Usitie sukari. Ukali wa mgando ndio utamu wake. Mgonjwa wa kisukari apime bakuli lake, asirudie la pili, maana mahindi ni mahindi tu hata yakilowa maziwa.

Kwa upande wa Wasonjo, kule Samunge, Digodigo na Sale, mifereji ya maji imelimwa tangu zamani, na viazi vitamu havikosekani. Kiazi kimoja cha ukubwa wa ngumi, kilichochemshwa pamoja na ganda lake, majani ya kunde, na yai moja la kuchemsha: kama kalori 300. Mwanamume anayefanya kazi atataka mayai mawili. Ale. Yai moja lina kalori 75 tu. Lakini kiazi kile kile ukikikaanga ndani ya mafuta kinakunywa kalori kama sifongo, na hapo umekwisha toka katika somo.

Sasa nyama. Najua mlikuwa mnaingoja. Nyama ya kuchoma iliyonona jioni, pamoja na ugali mkubwa, ndiyo inayowaangusha wanaume wengi, hasa siku ya mnada. Nyama ya kuchemsha ni bora. Na hapa baridi yetu inatusaidia. Chemsha nyama ya mbuzi au kondoo leo jioni, lakini usiile leo. Ipoze, ifunike vizuri, iache usiku mahali penye baridi, paka asipofika. Asubuhi utaona mafuta yameganda juu kama barafu nyeupe. Yaondoe kwa kijiko. Vijiko vikubwa vitatu vya mafuta hayo ni zaidi ya kalori 300, na umeyatoa bila kupunguza hata kipande kimoja cha nyama! Jioni chemsha tena mpaka itokote vizuri, tia kabichi, karoti na kitunguu kwa wingi. Mizizi na magamba ambayo Wamasai hutia katika supu, kama olkiloriti, mtu aliyezoea aendelee kuyatia, hayaongezi unene. Nyama yenyewe iwe kipande cha ukubwa wa kiganja, bila kuhesabu vidole. Lakini joto likizidi, au kama unakaa bondeni kwenye jua, usiilaze nyama. Toa mafuta kwa upawa supu ikiwa moto.

Wali na chapati sitakaa navyo sana. Wali ni kama ugali: pima kwa ngumi. Chapati ya mafuta iliwe kwa sikukuu.

Sasa tahadhari moja, na mwalimu aisome mara mbili. Kama unachoma sindano ya insulini, au unameza vidonge vya kisukari, usiruke chakula cha jioni hata siku moja kwa kusudi la kupunguza uzito. Dawa itashusha sukari, na chakula hakipo. Ukiona jasho la ghafla, mikono inatetemeka, kichwa kinazunguka, maneno yanachanganyika, hiyo ni sukari imeshuka. Hapo kunywa maji ya sukari mara moja, halafu ule. Watu wa nyumbani wajue dalili hizi, kwa sababu mgonjwa mwenyewe huenda asiweze kusema. Na kabla hujabadilisha sahani yako sana, mwambie mwuguzi wako, pengine itabidi kipimo cha dawa kipunguzwe.

Nimeulizwa mara nyingi, "Je, nipike sufuria mbili? Moja yangu na moja ya familia?" Kuni zenyewe ziko wapi! Pika sufuria moja. Mafuta kidogo ni mema kwa wote. Tofauti iwe wakati wa kupakua. Watoto wapate ugali zaidi, maziwa yenye siagi yake, na nyama yao. Wewe mnene upate mboga zaidi. Kama mnakula katika sinia moja, ombi langu ni kwamba upakuliwe peke yako, maana katika sinia hakuna mtu anayeweza kuhesabu ngumi. Mama mkwe akinung'unika, mwonyeshe cheti cha kliniki.

Kula mapema ukiweza, kabla hujaanza kusinzia, kisha tembea kidogo mpaka zizini na kurudi. Uzito utashuka polepole. Ukipunguza kalori 500 kila siku, mwanzoni huenda ukapungua kama nusu kilo kwa wiki. Anayekuahidi kilo kumi kwa mwezi anataka fedha zako.

Sasa kazi ya darasa. Kila mwenye daftari achore safu mbili. Juu ya safu ya kwanza aandike SIKU, juu ya safu ya pili aandike VIJIKO. Kwa siku saba aandike vijiko vya sukari alivyotia katika chai yake, bila kumdanganya mwalimu. Asiyeweza bado kuandika tarakimu na apige mistari. Na kwa kipindi kijacho, akina mama wawili walete upawa wanaotumia nyumbani, na mtu mmoja alete kijiko kikubwa. Mtajaza upawa maji, mtayamimina kwa kijiko, na darasa zima litahesabu kwa sauti.

Kwaherini.